Laini ya Injinia

Dobi yule alikuwa na sheria moja ambayo hakufundishwa na mtu. Kila nguo, kabla ya kutiwa majini, ilipekuliwa mifuko, na kilichopatikana humo, kiwe noti, kiwe risiti ya nyumba ya wageni, kiwe picha ya mwanamke ambaye si mke wa mwenye suruali, kilitiwa kwenye kibahasha na kufungwa kwa pini palepale kwenye nguo. Mwenyewe akija anakuta chake. Dobi haulizi, wala hatabasamu. Na kama aliyekuja kuchukua nguo ni mke badala ya mume, kibahasha kilibaki kwenye droo mpaka mume apite mwenyewe, na hapo alikabidhiwa kimyakimya kama mtu anayerudishiwa chenji. Mtaa mzima ulimwamini kwa hilo kuliko hata kwa usafi wa mashati yake, na mashati yake yalikuwa masafi kweli.

Sasa mtu mwenye mdomo mzito namna hiyo lazima naye awe na lake. La kwake lilikuwa kwenye mfuko wa aproni: simu ndogo ya zamani yenye ufa kwenye kioo, na ndani yake laini ya mdogo wake wa kiume. Nasema ya mdogo wake kwa sababu ndivyo baba yao alivyoamini. Ukweli ni kwamba mdogo mtu hakuwahi hata kuiona.

Baba yao aliitwa Mzee Mizani, kwa kuwa maisha yake yote alipima magunia kwenye ghala la nafaka. Hakuna mkulima aliyewahi kupunjwa mbele yake, na hakuna tajiri aliyewahi kumshawishi aweke kidole kwenye sahani ya mizani. Alikuwa na watoto wawili tu. Wa kwanza ndiye huyu Dobi, ambaye mzee alimwita "mama" tangu akiwa mchanga kwa sababu binti huyo alibeba jina la mama mzazi wa mzee. Wa pili alikuwa wa kiume, na huyo mzee aliuza kiwanja chake cha pekee ili asome. Akasoma, akapata kazi nchi ya mbali, na tangu siku hiyo mzee hakumtaja tena kwa jina alilompa mwenyewe. Alimwita Injinia, hata akiwa peke yake.

Figo za mzee zilipokataa kufanya kazi, daktari alisema itabidi damu yake ichujwe kwa mashine mara mbili kwa wiki, maisha yake yote yaliyobaki. Mzee hakuuliza kama itauma. Aliuliza nani analipa. Na kabla binti yake hajafungua mdomo, akasema neno lake.

"Akilipa Injinia, nitakwenda. Ukilipa wewe, mama, siendi. Umefua nguo za watu tangu mama yenu alipofariki. Mimi siwezi kuongezewa siku kwa kunywa jasho lako."

Wanaomjua Mzee Mizani wanajua kwamba hapo mjadala ulikuwa umefungwa.

Dobi akampigia mdogo wake. Injinia alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa utulivu, kisha akaeleza kwamba yuko katikati ya ujenzi, kwamba watoto wake wanasoma shule za gharama, kwamba yeye naye ana maisha. Akamwambia dada yake amwambie mzee lolote analoona linafaa. Wiki iliyofuata namba yake ikawa haipatikani, na haikupatikana tena. Mimi nimeshindwa kumtafutia huyo bwana sifa inayomfaa bila kuchafua kinywa, kwa hiyo tumwache hukohuko aliko na ujenzi wake.

Basi Dobi akanunua laini mpya, akaitia kwenye ile simu yenye ufa, akaandika: "Shikamoo baba. Nenda kliniki, nitalipa mimi. Hii ndiyo namba yangu mpya, kazini haturuhusiwi kupokea simu." Mzee alivaa miwani akaisoma, akairudia, kisha akamwita jirani akamsomea kwa sauti. Siku ya kliniki alivaa shati jeupe, akamtaka binti yake alinyooshe upya kola, akaenda kwenye mashine kifua mbele kama mtu aliyealikwa karamuni.

Kitu ambacho Dobi hakukifikiria ni kwamba baba yake angejibu.

Nyumbani mzee alisema maneno kwa kupima. Lakini kwa Injinia aliandika kama bomba lililopasuka, kwa kidole kimoja, bila nukta wala mkato. Alikaa barazani akibonyeza, na nyuma ya nyumba, penye meza ya pasi, simu ilitetemeka kwenye aproni. Alimweleza mwanawe kwamba anaiogopa ile mashine, kwamba damu yake akiiona inapita kwenye mpira hujisemea kuwa huenda leo isirudi. Alimweleza kwamba siku nyingine hujikojolea usingizini na kugeuza godoro alfajiri ili dada mtu asione. Na siku moja akaandika: "dada yako anazeeka kwa ajili yangu na hasemi kitu mikono yake yote makovu ya pasi mtoto huyu ana moyo ambao sijauona kwa mtu mwingine ila mimi sijui kumwambia."

Dobi alilia juu ya shati la mteja mpaka ikabidi alifue upya. Katika miaka yake yote hakuwahi kusikia hata nusu ya maneno hayo kutoka kinywani mwa baba yake. Alijua vizuri anachokifanya. Alikuwa amepekua mfuko wa baba yake, na safari hii hakutia kitu kwenye kibahasha, alisoma. Kila mara alijiambia hii ndiyo ya mwisho, na kila simu ilipotetemeka aliiweka pasi pembeni upesi upesi. Akamjibu mzee kwa jina la Injinia, akamtia moyo, akamtania kidogo. Godoro alilianika mchana, akisingizia kunguni.

Mashati, hata yawe mengi vipi, hayalipi mashine ya kuchuja damu. Aliuza mashine yake ya kufulia akarudi kwenye beseni na mikono. Hiyo pesa ilipokwisha, akaenda kwa kampuni moja inayokopesha kwa simu. Waliuliza sababu ya mkopo, akajibu ukweli: matibabu ya baba. Kisha wakataka watu wawili wa karibu, ambao, waliahidi, wangepigiwa tu endapo yeye mwenyewe hapatikani. Wa kwanza akamtaja mdogo wake, akawapa laini ya Injinia, akajiona mjanja kuliko kampuni nzima. Wa pili alitakiwa kuwa mtu wa nyumba moja naye, na hapo ndipo alipokosea. Angeweza kumtaja jirani waliyepakana vyumba na kudai ni ndugu. Lakini jirani huyo alikuwa na mdomo, na Dobi aliogopa mdomo wa jirani kuliko alivyoiogopa simu ya baba yake, maana mzee hakuwa na kawaida ya kupokea namba asizozijua. Akaandika namba ya mzee.

Mkopo wa kwanza aliulipa wote. Akachukua wa pili, mkubwa zaidi. Halafu nyumba ya wageni iliyokuwa ikimpa mashuka kila wiki ikanunua mashine zake yenyewe, na mambo yakaenda mrama.

Mdai aliyepewa faili lake alikuwa kijana mwenye sauti laini. Alimwita dada yangu, alimpa pole, aliomba samahani kwa usumbufu, kisha akauliza lini. Dobi aliahidi mwisho wa mwezi, akajikaza kisabuni, akatimiza nusu. Kijana akapiga tena, na tena, mpaka Dobi akaacha kupokea. Ndipo siku moja laini ya Injinia ikaita. Alishtuka, akabana pua, akapokea kama mke wa Injinia: mume wangu yuko saiti, simu kaiacha nyumbani. Yule kijana akasema samahani shemeji, nitapiga baadaye. Dobi alicheka peke yake mpaka akashika meza. Hakucheka tena baada ya siku hiyo.

Kwa sababu kijana alifanya kile ambacho hata mtoto wa shule anajua kukifanya. Aliingiza namba ile kana kwamba anataka kuitumia pesa, na simu ikamwonyesha jina la mwenye laini.

Mchana uliofuata Dobi alikuwa akirudi kutoka kupeleka mashati, kapu tupu mkononi. Akiwa uani alisikia sauti ya kijana, ile laini, ikitoka barazani. Mzee masikio yalikuwa yamepungua, kila simu aliiweka spika. Na namba asiyoijua aliipokea siku hiyo, Dobi alikuja kuelewa baadaye, kwa kudhani Injinia amepata ruhusa ya kupiga.

"Sikuvunjii heshima mzee wangu," kijana alikuwa akisema. "Nakufahamisha tu kwamba binti yako ana deni kwetu, na alisema ni la matibabu yako."

"Umekosea nyumba," mzee akasema. "Matibabu yangu analipa mwanangu, Injinia. Nikupe namba yake? Mpigie, atakumalizia leo leo hilo deni la dada yake."

"Ninayo, mzee." Kijana akaitaja, tarakimu moja moja. "Ni hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Hiyo laini ni ya binti yako. Jina ni lake. Nilipiga akapokea mwenyewe, akajifanya shemeji yangu. Mimi nilidhani nyumba nzima mnajua."

Kijana akasema kwamba mambo ya familia hayamhusu, yeye anachoomba ni binti apunguze deni, na akamtakia mzee afya njema. Akakata simu kwa adabu zote. Pale bombani uani, jirani mwenye mdomo alikuwa ameshafunga maji ili asikie vizuri.

Dobi alipanda barazani na kapu lake. Mzee alikuwa amevua miwani. Dobi akaanza kujieleza, maneno yakagongana, na mzee akainua kiganja, vile alivyowazuia wapagazi zamani gunia lilipokuwa bado linayumba kwenye mizani.

"Yote uliyasoma?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Na la godoro?"

Angeweza kusema hapana. Ningekuwa mimi ningesema hapana na kuapa juu yake. Lakini alikuwa binti wa Mzee Mizani. "Ndiyo," akasema.

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akaingia chumbani kwake, akajilaza akiutazama ukuta.

Siku ya kliniki hakuvaa. Dobi alipiga magoti pembeni ya kitanda akamwomba kwa kila jina analolijua. Alimwambia wiki hii imeshalipiwa na pesa hairudi, mzee akasema basi apewe mgonjwa mwingine. Muuguzi akapiga simu, mzee akamshukuru kwa wema wake wote na kumuaga. Dobi, roho mkononi, akaapa kwamba atamtafuta Injinia hata chini ya ardhi, aje aongee na baba yake kwa sauti yake mwenyewe.

"Injinia yupi?" mzee akauliza, na sauti yake haikuwa na hasira hata chembe. Hilo ndilo lililomvunja Dobi moyo.

Huzuni ikikosa pa kwenda hugeuka hasira, na hasira ya Dobi ilimpeleka kwenye kampuni. Pale mapokezi walimkaribisha kiti, wakampa maji ya baridi, na binti mmoja mwenye kucha ndefu akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta mahali alipobonyeza kwamba amekubali. Alikuwa amekubali mambo mengi sana. Akatoka hapo akaenda kwenye ofisi ya serikali ambayo redioni walisema inalinda habari binafsi za watu, akapanda ngazi mpaka juu, akakaa kwenye benchi kutwa nzima.

Ofisa aliyempokea alikuwa mtu mzima mwenye kola iliyopigwa pasi ovyo, na hata katika hali ile kola hiyo ilimuuma Dobi macho. Lakini alisikiliza. Alisikiliza kuliko mtu yeyote tangu mambo haya yaanze. Akauliza kama mdai alitukana. Hakutukana. Alitishia? Hakutishia. Alimwambia mzee uongo?

"Hapana," Dobi akasema. "Kila alichosema ni kweli."

"Sheria haiangalii kama ni kweli," ofisa akasema. "Deni lako ni lako. Sababu yake ni yako, na jina lililo kwenye laini yako ni lako. Hakuwa na ruhusa ya kumgawia baba yako wala mtu mwingine. Una haki, dada, tena haki kamili."

Dobi akashika ukingo wa meza. Lilikuwa jambo tamu kusikia mtu mwenye mhuri akisema hivyo, na utamu huo ulidumu kiasi cha mtu kumeza mate.

"Hiyo haki," akauliza, "inaweza kumfanya mzee awe hajasikia?"

Ofisa akaweka kalamu chini. Akasema hapo hana kifungu.

Na haki ilikuja, tena upesi kuliko ilivyo kawaida ya ofisi hizo. Kampuni ikapigwa faini, ikaamriwa kumwomba radhi mkopaji pamoja na kila ndugu aliyepigiwa simu. Dobi alipopata habari hizo alikuwa akimkanda mzee miguu, iliyovimba mpaka kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Mzee alikuwa halali tena chali kwa sababu pumzi ilikata. Alilala ameketi, mito mgongoni. Hakuwa amegombana na binti yake hata siku moja. Alikula alichopewa, akashukuru, akanyamaza.

Radhi ilipigwa jioni. Simu ikawekwa spika kama kawaida, na ni sauti ileile laini.

"Shikamoo mzee. Nimeagizwa nikuombe radhi kwa kukueleza habari za deni la binti yako, alilokopa kwa ajili ya matibabu yako, bila ridhaa yake." Kisha, kwa kuwa alikuwa akisoma kilichoandikwa na mwanasheria wao, akalitaja deni lenyewe, na mkopo wa kwanza, na wa pili, na laini iliyosajiliwa kwa jina la binti. Yote yakaanikwa upya, safari hii kwa amri ya serikali.

"Marahaba," mzee akasema, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Nimekusamehe, kijana. Humu ndani wewe peke yako ndiye uliyenipimia sawasawa."

Dobi akatoka. Akaenda nyuma ya nyumba, akawasha pasi, akatandika shati la mtu kwenye meza kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Ile simu yenye ufa ilikuwa bado kwenye aproni. Hakuwahi kuizima, na tangu siku ile ya barazani haikuwa imetoa hata mlio.

Ikatetemeka.

"mwanangu injinia habari za kazi mimi sijambo mwambie dada yako asikope tena sitakwenda kule mwambie simchukii kwa kusoma nilipata mtu wa kuongea naye mwaka mzima si haba mwambie mikono apake mafuta usimwambie kama nimesema mimi"

Aliisoma amesimama. Pasi akaiweka wima pembeni, kama kazi inavyotaka. Kati yake na baba yake ulikuwepo ukuta mmoja tu wa matofali, na alisikia anavyohangaika na pumzi upande wa pili. Angeweza kuzunguka akaingia. Lakini alijua akiingia atamkuta yule mzee wa chumbani, anayeshukuru na kunyamaza. Anayeongea alikuwa humu, kwenye simu. Akaandika maneno yaleyale ya siku ya kwanza, kwa sababu yaliwahi kufanya kazi.

"Nenda kliniki baba. Nitalipa mimi."

Simu ikalia ng'ambo ya ukuta. Akasikia mzee akitafuta miwani, kitanda kikilia. Ikapita muda mrefu, maana alibonyeza kwa kidole kimoja, na kidole kile siku hizo kilikuwa kimevimba.

"najua mama"

Hakuandika mwanangu, wala Injinia. Ndiyo mara ya kwanza mwenye laini ile kuandikiwa yeye mwenyewe.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Dobi alilichukua shati jeupe la mzee, akalitia wanga, akalinyoosha kola na mikono, akalitundika mlangoni pa chumba chake mahali atakapoliona akifumbua macho. Mzee aliliona. Alilisifu, akasema hakuna anayenyoosha kola kama yeye, kisha akaugeukia ukuta. Shati likakaa pale mlangoni siku zilizofuata, mpaka asubuhi ambayo hapakuwa tena na wa kulivaa.